Maji ya Stesheni ya Chihembe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Dorothea alitoka nyumbani kwake na fagio la chelewa na dumu la lita tatu, akavuka reli ya zamani, akaenda kufagia pembeni mwa stesheni ya Chihembe. Alifanya hivyo tangu stesheni ina watu, na akaendelea ilipobaki na popo. Wageni waliohamia juzijuzi, hawa wa nyumba za geti, walidhani ni bibi wa usafi aliyesahauliwa kazini. Mama mmoja aliwahi kumkabidhi makaratasi ya biskuti akamtupie. Dorothea aliyapokea, akamtazama, akamtazama tena, mpaka yule mama akayachukua mwenyewe na kuomba radhi.

Hakufagia stesheni nzima. Alifagia kona ya mashariki tu, chini ya mdomo wa gata, pale maji ya paa yanapoangukia. Akimaliza anamwaga maji polepole, anasimama kidogo, anarudi nyumbani. Hapo ndipo alipolala mwanawe wa kwanza, Sila, aliyekufa akiwa na miezi mitatu, mwaka wa njaa ya sabini na nne.

Chihembe siku hizi ni mtaa wa Dodoma. Bodaboda wanafika, maji ya bomba yanafika, wafanyakazi wa wizara wanajenga. Lakini Dorothea alipoletwa pale, bibi harusi wa miaka ishirini aliyesoma mpaka darasa la nne na kujua kuandika barua bila kusaidiwa, palikuwa pori la miiba na stesheni moja. Mumewe Zablon alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni na kuwasha taa za ishara. Walipewa chumba kimoja na jiko, mgongoni mwa stesheni.

Na stesheni yenyewe ilikuwa jengo, si mchezo. Waliijenga Wajerumani, enzi reli inaingia nchi ya Wagogo, na mababu wa watu walio hai leo ndio waliobeba mawe. Kuta nene, mtu anaweza kuketi dirishani kama kitini. Milango ina matao juu. Baraza lina nguzo za mti mgumu ambao mchwa waliuonja wakaenda zao. Dirisha la tiketi ni dogo, ubao wake umechimbika kwa viwiko vya abiria, na kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo.

Ila kitu walichojivunia watu wa Chihembe ni kile kisichoonekana. Chini ya sakafu kulikuwa na birika, chumba kizima cha mawe na chokaa ndani ya ardhi, paa lake la kuba, kilichopokea maji ya mvua kutoka juu ya bati. Ukikanyaga kwa kishindo ofisini kwa stesheni masta, chini kunakujibu. Ukiinamia tundu la kuchotea, ubaridi unakupiga usoni hata mwezi wa kumi, wakati nchi nzima inaungua. Tena nje, mwisho wa jukwaa la abiria, lilisimama bomba la chuma lenye shingo ndefu iliyopinda, la kunyweshea injini za mvuke. Walilipa jina Twiga. Injini za mvuke zilipokwisha, mafundi walilikata, likabaki gutu la kukalika.

Dorothea aliyajua hayo yote kama ajuavyo jiko lake. Angekwambia ni jiwe gani la ukutani lina alama ya patasi ya fundi, na ni mwaka gani stesheni masta alipaka milango rangi ya kijani akasimangwa mpaka akairudisha ya kahawia. Kumbukumbu ilikuwa mali yake, na hakuficha kwamba anayo.

Sila alizaliwa mwaka ambao mvua haikunyesha. Birika lilikauka, ukipiga kelele ndani unasikia sauti yako tu. Maji yaliletwa kwa treni, yanapandishwa kwenye tangi la mnara ili injini zipate kunywa, na wake wa wafanyakazi wanapewa ndoo moja kwa siku. Maziwa ya Dorothea yakapungua. Mtoto akaanza kuharisha jioni moja, siku ya tatu asubuhi akanyamaza.

Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto ambaye hajaota meno hapelekwi makaburini kwa wakubwa. Wanaume wawili wanamchukua alfajiri, wanamlaza karibu na nyumba, mahali pa unyevu, chini ya matone ya paa, asije akapata kiu. Hawekewi jiwe wala msalaba. Na mama hachungulii, haulizi, haonyeshwi. Mama mkwe alimwambia Dorothea, amemshika mabega, "Ukiuliza, tumbo litakauka kama nchi hii. Umenisikia?"

Dorothea akasikia. Akalala ameelekea ukutani, akawasikia Zablon na mwenzake Abbasi wakitoka na jembe. Mahali pa kulala mtoto alipajua bila kuambiwa. Gata la stesheni lilikuwa na mdomo mmoja tu.

Baada ya siku chache akagundua kwamba koti la kazi la Zablon halipo msumarini. Koti zito la bluu, la reli, lenye vifungo sita vya shaba vilivyochorwa gurudumu lenye mabawa.

"Koti liko wapi?"

"Nimelisahau kwenye behewa la mizigo," Zablon akasema. "Limekwenda na treni."

"Mwanaume mzima! Unalisahau koti la serikali kama mtoto wa shule anavyosahau peni?"

Alimsema kwa hilo koti mwezi mzima. Pengine alitaka kulia juu ya kitu kingine, koti likawa karibu. Kipupwe cha mwezi wa sita Zablon alikwenda zamu amejifunga blanketi.

Tumbo halikukauka. Akamzaa Hilda, ambaye ndiye anayeishi naye mpaka leo. Miaka ikapita, injini za dizeli zikaja, treni za kusimama Chihembe zikapungua hadi zikaisha. Zablon akastaafu, wakajenga vyumba vyao vitatu ng'ambo ya reli. Kila Jumamosi Zablon alimbebea Dorothea maji mpaka kwenye kona ya gata, anayaweka chini, kisha yeye huyo, anakwenda kuketi kwenye gutu la Twiga, mgongo kwa mkewe, mikono magotini.

"Unamngojea nani wewe?" Dorothea alimpazia sauti. "Treni zimeshakufa!"

"Napumzika, mama."

Tena alikuwa na kituko kingine. Koti lake la kanisani, jeusi, zuri, alilishonea kifungo cha shaba katikati, kile cha reli, kati ya vifungo vyeusi. Alisema amekiokota kwenye droo ya ofisi. Dorothea alimtania mbele ya wageni: "Mume wangu anamwendea Mungu akiwa zamu." Watu wakacheka, Zablon naye akacheka, na kifungo kikabaki. Aliendelea kukivaa miaka thelathini na zaidi.

Alifariki miaka kumi na mitano sasa, akapelekwa Hombolo kwenye shamba la ukoo wake, karibu na mizabibu. Nguo za kumvisha aliziandaa Dorothea mwenyewe. Hakutaka mumewe alale mbele za watu akiwa na koti la kuchekesha. Akachukua mkasi, akakata kile kifungo cha shaba, akashona cheusi mahali pake. Wanaume walipomvisha, alikuwa nadhifu kweli.

Mambo yakatulia hivyo hadi mwaka jana, siku walipobandika tangazo kwenye mlango wa stesheni. Jengo litavunjwa kupisha barabara pana. Mwenye kaburi ndani ya alama nyekundu aje alionyeshe kwa mkono wake, lihamishwe. Dorothea alilisoma mwenyewe, akarudia, akamwambia Hilda, "Wamenipunguzia kazi. Sila atakwenda kulala na baba yake. Nami nikifa mtaniweka hapohapo. Sitaki tena kugawanyika."

Tangu siku hiyo hakuwa na neno lingine. Alinunua kitambaa cheupe, akakipiga pasi. Akapiga simu Hombolo, shimo dogo lichimbwe kando ya Zablon, upande wa mkono wa kulia.

Kijana wa kuandikisha makaburi aliitwa Erick, na alikuwa na adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuvunja?"

"Mimi ni wa kuandika tu. Wa kuvunja wanakuja Jumatatu ijayo."

"Haya andika. Nina mtoto hapa."

Erick akatazama ile kona iliyofagiwa. "Kuna alama, bibi? Msalaba? Hata jiwe?"

"Mtoto wa miezi mitatu hawekewi jiwe. Alama ni mimi."

Erick alikuna kichwa, lakini akaandika. Alhamisi alikuja na vibarua wawili na nakala ya ramani ya zamani ya jengo, aliyoipata kwenye makaratasi ya mradi. Dorothea aliketi kwenye kigoda, kitambaa cheupe mapajani, Hilda amesimama nyuma yake. Kibarua akapiga jembe la kwanza, udongo ukatoka laini, umelainishwa na maji ya nusu karne. Jembe la pili. La tatu likalia, likaruka.

"Jiwe," kibarua akasema.

Wakafagia kwa mikono. Halikuwa jiwe moja. Yalikuwa mawe yaliyopangwa, yameshikwa kwa chokaa, yanakwenda yakiinuka kidogo kama mgongo wa ng'ombe. Wakapanua huku, wakapanua kule, mgongo ni uleule. Erick akafungua ramani yake, akaipitishia vidole, akachuchumaa mbele ya Dorothea.

"Bibi, hili ni paa la birika. Halikuishia ndani ya ukuta. Limetoka nje hatua nne upande huu, ili lipokee maji ya gata. Udongo wa juu yake ni shubiri mbili tu. Hapa hakuwezi kuzikwa mtu."

"Chimbeni tena."

"Bibi..."

"Labda bibi amesahau," kibarua mmoja akasema kwa mwenzake.

Dorothea akageuka. "Mimi? Sijasahau kitu tangu mwaka wa uhuru. Mamako amezaliwa lini? Hujui. Nikimwona uso tu nitakwambia mimi."

Vibarua wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia lile paa la mawe. Miaka ishirini alilala hatua chache kutoka hapo, alichota maji ya humo, alijua mpaka harufu yake, wala hakujua kwamba birika linafika huku. Kila Jumamosi alikuwa akinywesha mawe.

Hilda ndiye aliyesema. "Mama, twende kwa baba mkubwa Abbasi."

Abbasi alikuwa akiishi Majengo kwa bintiye, nyuma ya wauza nafaka. Macho yalimwacha zamani, ulimi ulibaki. Bajaji iliwashusha kwenye magunia ya alizeti, wakamkuta barazani, kanzu imepauka, anasikiliza redio.

"Ni nani huyo anakohoa kwa maringo?"

"Ni mimi, Dorothea."

"Shemeji! Hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani wa kukutukana?"

Abbasi alicheka mpaka akashika mbavu. Dorothea hakungoja chai. Akamweleza habari ya tangazo, ya jembe, ya paa la birika. Halafu akafanya kile ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote. Akauliza.

"Mlimweka wapi mtoto wangu?"

Abbasi akazima redio. Vidole vyake vikapapasa ukingo wa mkeka.

"Tulianza hapohapo unapopasema," akasema. "Chini ya gata, kama desturi inavyotaka. Tukapiga jembe, tukagonga. Tukasogea, tukagonga. Zablon akaanza kulia, kunaanza kupambazuka, mtoto kamweka barazani. Mimi nikamwambia, ndugu yangu, mwaka huu gata lenyewe ni kavu. Penye unyevu Chihembe nzima ni mahali pamoja tu. Chini ya Twiga."

Dorothea akamsogelea.

"Lile bomba lilikuwa linavuja, unakumbuka? Tone, tone, mchana na usiku. Udongo wake ulikuwa mweusi. Tukachimba upande wa jua linapotoka, nje kidogo ya zege. Sanda hatukuwa nayo, maduka yalikuwa matupu mwaka ule. Akavua koti lake."

"Koti," Dorothea akasema.

"La reli. Akamfunga nalo vizuri, akafunga na vifungo, kama anamvisha mtoto aende shule. Kimoja akakikata kwa meno, akakitia mfukoni."

Hilda aliweka mkono begani kwa mama yake. Dorothea akauondoa, taratibu.

"Kwa nini hakuniambia? Tumbo lilikuwa limeshazaa. Mama mkwe amekufa. Miaka thelathini na mitano, Abbasi!"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema kila akitaka kukwambia anakukuta umeshafagia, umeshamwaga maji, uso umetulia. Akasema, 'Nimpokonye hata hapo?'" Abbasi akafuta macho yasiyoona. "Kwa hiyo alikuwa anakaa kule mwenyewe. Wewe upande huu, yeye upande ule. Mimi niliwaona. Iliniuma, lakini ningesema nini mimi?"

Walipofika Chihembe Dorothea alimwambia dereva wa bajaji asimame stesheni, akashuka, akaenda kuketi kwenye gutu la Twiga. Aliketi kama Zablon alivyokuwa akiketi, uso upande wa jua linapotoka, mgongo kwa kona ya gata. Akaona ardhi tupu mbele ya miguu yake, hatua moja. Alikaa hapo hadi Hilda alipomfuata na khanga ya kujifunika.

Jumamosi ndiyo siku waliyochimba. Erick alikubali, ingawa fomu ilikuwa imeshafungwa. Alisema akiulizwa atajibu yeye. Udongo wa pale ulikuwa bado mweusi kuliko wa pembeni. Vibarua waliacha majembe, wakatumia mikono na kikombe cha bati. Kwa kina cha goti kilitokea kifungo cha kwanza, kimevaa ukijani. Cha pili kilikuwa chini yake shubiri moja kasoro. Vilikuwa vimekaa mstari, kimoja baada ya kingine. Koti lenyewe lilishakuwa udongo. Mtoto naye.

"Pole sana, bibi," Erick akasema. "Miaka hamsini ni mingi. Hakuna mifupa."

"Naona," akasema Dorothea.

Vifungo vilikuwa vitano. Kibarua aliyemtania Alhamisi akazidi kuchuja udongo kwa vidole, akitafuta cha sita, akisema, "Bado kimoja, makoti haya yalikuwa na sita, babu yangu alikuwa nalo." Dorothea akamwambia aache. Hakipo hapo. Akapiga magoti, akaukusanya ule udongo mweusi kwa mikono yake mwenyewe, akauweka kwenye kitambaa cheupe pamoja na vifungo, akafunga fundo. Fundo lilikuwa na uzito kama wa mtoto wa miezi mitatu, au alitaka liwe hivyo.

Ndani ya gari la kwenda Hombolo, Jumapili baada ya ibada, alilipakata. Dirishani mizabibu ilikuwa imekatwa, visiki vitupu. Hilda aliona midomo ya mama yake inacheza, akadhani anasali.

"Mkasi ulikuwa ule wa mpini mwekundu," Dorothea akasema. "Uzi mweusi, niliazima kwa jirani, kwa Penina. Nilikaa kwenye kitanda, upande wa mlangoni. Koti magotini. Nikakata. Nikakishika, kilikuwa cha moto kidogo kwa sababu nilikuwa nimetoka kulipiga koti pasi. Halafu..."

"Mama, kipi hicho?"

"Kifungo cha baba yako. Nilikiweka wapi?"

Dorothea akalisogeza fundo mapajani.

"Nakumbuka mpaka mbwa aliyekuwa anabweka. Nilikiweka wapi, Hilda?"

Kaburini ndugu walikuwa wachache. Mchungaji alisoma, wakalishusha lile fundo upande wa mkono wa kulia wa Zablon. Dorothea alikuwa amekuja na dumu lake. Alimwaga maji juu ya mtoto, polepole, kama siku zote. Yakabaki kidogo. Akasogea, akasimama juu ya mumewe.

"Ulinyamaza," akamwambia. "Nami nikawachekesha watu kwa koti lako." Akayamwaga maji yote yaliyobaki, akatikisa dumu mpaka tone la mwisho.

Jumatatu wakavunja stesheni. Ngurumo ya mtambo ilisikika mtaa mzima, na birika lilipopasuka ardhi ilitikisika kidogo, vikombe vikalia kabatini. Watu walikwenda kutazama, wengine wakipiga picha. Dorothea hakwenda. Alikuwa amekaa uani juu ya kigoda, kopo la vifungo amelimwaga kwenye ungo, anachambua kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Mama, hili kopo umeshalitazama mara nne," Hilda akasema.

"Sogea," Dorothea akamwambia. "Unanizibia mwanga."